Helikopta ya kwanza ikikataa, ya pili iambiwe

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku katika kitengo cha dharura hapa Ohio, Marekani. Mgonjwa akihitaji kuhamishiwa hospitali kubwa haraka, sisi ndio tunaopiga simu kuita helikopta. Kwa hiyo usalama wa safari hizi uko mikononi mwetu pia.

Alfajiri ya Januari 29, 2019, jua halijachomoza, helikopta iliyokuwa ikienda mji wa Pomeroy, hapa Ohio, kuchukua mgonjwa ilikutana na theluji, ikaanguka msituni karibu na Zaleski. Rubani, muuguzi na mhudumu wa dharura wakafa wote watatu. Kampuni mbili zilikuwa zimeshaikataa safari hiyo kwa sababu ya hali ya hewa. Ya tatu ikakubali. Na aliyekubali ni rubani wa zamu iliyokuwa ikiisha, baada ya kuitazama hali ya hewa juujuu. Aliyeruka ni mwenzake aliyeingia asubuhi hiyo. Hapo ndipo ninapoumia. Sisi wauguzi tunakabidhiana zamu kando ya kitanda, dawa kwa dawa, kwa kuwa tunajua ni mambo mangapi hupotea katika dakika zile. Marubani nao wakabidhiane anga vivyo hivyo, na anayeruka ndiye aamue.

Kanuni za mwaka 2014 za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, zilileta nafuu: chombo cha kumtahadharisha rubani anapokaribia mlima au mnara, na kupima hatari za safari kabla ya kuondoka. Lakini hazikulazimisha miwani ya kuonea gizani. Juu ya misitu isiyo na taa, rubani asiye nayo anaweza asilione wingu mpaka awe ndani yake, na akishaingia hajui tena juu ni wapi, chini ni wapi. Miwani hiyo iwe sharti la sheria kwa kila safari ya usiku.

Kwa wenzangu wa hospitalini nina ombi. Ukipiga simu ya pili, sema wazi kwamba wa kwanza alikataa na kwa nini. Usimwambie rubani kwamba mgonjwa ni mtoto, wala kwamba yu mahututi. Atakayoyapima ni mawingu na upepo. Naye akisema hapana, tusimbembeleze. Tuite gari la wagonjwa papo hapo, tusipoteze nusu saa kumtafuta rubani wa tatu.

Muuguzi,
Columbus, Ohio