Mwanangu, kabla hujalitupa jina la baba yako

Mwanangu,

Marahaba. Naanza kwa kuitikia kwa sababu ule ujumbe wako wa sauti wa juzi ulikuwa na shikamoo moja na malalamiko ya dakika saba. Nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikichambua mchicha, nikaona nikujibu hapa hadharani, maana wenzako wenye baba wenye majina ni wengi kuliko unavyodhani. Jina lako silitaji. Baba yako hajui kama naandika. Akisoma, shauri yake.

Umesema kwenye usaili muongozaji alikuuliza "wewe si mtoto wa fulani?" kabla hujatamka hata mstari mmoja. Nafasi ukaikosa, na ulipotoka nje ukasikia mtu akisema mtoto kaambulia sura tu. Sasa unataka jina jipya kwenye mabango.

Unazikumbuka DVD za bibi yako, zile sahani moja filamu kumi, nusu zinakwama katikati? Amitabh Bachchan, yule nyota wa filamu za Kihindi, kwake alikuwa "Amita". Abhishek hakuwa na jina kabisa, alikuwa "mtoto wa Amita". Akitokea tu kwenye skrini: "Haya, mtoto wa Amita huyo, hebu tuone." Hilo "hebu tuone" ndilo India nzima ilikuwa inamwambia.

Yule kijana alizaliwa Februari 1976, hata miezi sita haijatimia tangu itoke Sholay, filamu kubwa ya baba yake. Yaani alikuja duniani baba yake akiwa ndiye stelingi wa mastelingi. Mama yake, Jaya, naye mwigizaji mkubwa. Watu wakiona hivyo wanahesabu mali. Hawaoni kwamba mtoto hurithi na madeni. Katikati ya miaka ya 1990 Amitabh alianzisha kampuni ya burudani, ABCL, ikaandaa hadi mashindano ya Miss World kule Bangalore mwaka 1996, kisha ikaanguka na kumwachia madeni ya kutisha. Abhishek alikuwa anasoma Boston, Marekani. Aliacha chuo akarudi nyumbani kuwa karibu na baba yake. Mimi kila nikisikia vijana wakisema "yule alibebwa", nakumbuka hapo.

Filamu yake ya kwanza, Refugee, ilitoka tarehe 30 Juni 2000. Siku tatu baadaye baba yake alianza kuendesha kipindi cha maswali cha Kaun Banega Crorepati kwenye televisheni, na kipindi hicho ndicho kilichomwinua tena mzee. Hebu fikiria wiki hiyo: unaanza kazi huku baba yako, uliyekuja kumshika mkono, anarudi kuwa gumzo la nchi nzima.

Nyota njema huonekana asubuhi, lakini ya Abhishek asubuhi hiyo hakuna aliyeiona. Kwa miaka karibu minne alitoa filamu zaidi ya kumi, nyingi zikaanguka. Nyingine, mwanangu, zilistahili kuanguka. Nilizitazama, na yeye mwenyewe ukimwangalia ulikuwa unaona kabisa kwamba anajaribu kuwa mtu mwingine, shingo imekakamaa, sauti kaibana kifuani. Kukuficha hilo nitakuwa nakudanganya: mtoto mwingine yeyote, wa baba asiyejulikana, asingepewa hata nafasi ya tano. Mlango ulifunguliwa na jina. Ila mtoto wa mtu asiyejulikana akishindwa, anashindwa kimyakimya.

Kilichobadilisha mambo mwaka 2004 ni filamu ya Yuva, ya muongozaji Mani Ratnam. Humo yeye si shujaa. Ni Lallan, jambazi la kukodiwa katika jiji la Kolkata, mtu wa kumpiga mkewe kisha akamkumbatia. Itazame tena, na safari hii tazama mabega yake tu, anavyoingia chumbani mbele limetangulia bega, kama mtu aliyezoea kusukuma milango asiyofunguliwa. Hakuna Amitabh hapo hata kwa dawa. Mwaka huohuo ikaja Dhoom, akiwa polisi, na hiyo ndiyo vijana wa mtaani kwetu waliishika kwa sababu ya pikipiki.

Sasa sikiliza kinachonifurahisha. Alishinda tuzo ya Filmfare, zile tuzo kubwa za filamu za Kihindi, ya mwigizaji msaidizi mara tatu mfululizo, kwa Yuva, Sarkar na Kabhi Alvida Naa Kehna. Katika hizo mbili za mwisho anaigiza mtoto wa nani? Wa Amitabh. Alipokwishajua kusimama kwa miguu yake, hakumkimbia tena mzee. Katika Bunty Aur Babli mzee ni polisi anayemfukuza yeye tapeli, halafu wanacheza Kajra Re, na mwigizaji Aishwarya Rai yuko katikati yao. Wimbo huo umepigwa harusi ngapi, nani atahesabu! Miaka miwili baadaye Aishwarya akaolewa na Abhishek, akawa mkwe wa nyumba.

Tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora, ile ya mhusika mkuu, aliipata Oktoba 2025, kwa filamu ya I Want to Talk, tena kwa kugawana na mwigizaji mwenzake Kartik Aaryan. Miaka 25 kazini. Na filamu yenyewe haikujaza majumba ya sinema. Wewe una mwaka na nusu na tamthilia mbili, moja umekufa sehemu ya tatu.

Halafu hilo suala la kubadili jina. Bachchan si jina la ukoo wao. Ukoo wao ni Srivastava. Babu, Harivansh Rai, alikuwa mshairi, na Bachchan ilikuwa lakabu yake ya kutungia, kama washairi wa magazetini kwetu wanavyojipa lakabu. Amitabh akaingia nayo kwenye filamu, ikawa ya familia. Kwa hiyo kama kweli unataka lakabu, jipe, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kuibandika ili mtu asikuulize swali lile. Sura uliyonayo atakuuliza tu.

Filamu yao ya Paa hukuitazama nasi, ulikuwa bweni. Ni ya 2009, na ni kampuni ya familia iliyoitengeneza, ile iliyotokana na ABCL. Mzee ana miaka 67, kapakwa na kubandikwa uso mpya, kichwa kipara, anaigiza mtoto wa miaka 12 mwenye maradhi ya kuzeeka mapema. Baba wa mtoto huyo ni Abhishek. Mwanzoni kabisa inasikika sauti ya Jaya ikitaja majina ya walioshiriki, na anamtambulisha Amitabh Bachchan kama wanavyotambulishwa chipukizi.

Bibi yako Kihindi hakijui, hilo alilipita. Akatazama mpaka karibu na mwisho, mtandio umelowa machozi, ndipo akanigeukia. "Yule baba wa mtoto," akaniuliza, "anaitwa nani?"

Nikamwambia.

"Abisheki," akarudia, polepole.

Usaili wa Alhamisi nenda. Lile shati la michirizi usilivae, linakuzeesha.

Shangazi yako