Barua kwa binti yangu: usiache sindano

Binti yangu mpendwa,

Baada ya salamu, nimesoma katika barua yako kwamba unataka kuacha sindano za penisilini kwa kuwa mikono imetulia na mwandiko wako umerudi. Nafurahi pamoja nawe, lakini sikubali uziache, na ni haki yako kujua sababu.

Ugonjwa uliokupata wa mitikisiko isiyozuilika, uitwao korea ya Sydenham kwa jina la tabibu Mwingereza Thomas Sydenham aliyeueleza mwaka 1686, huanzia kooni. Bakteria wa streptokokasi huleta mafindofindo, na kingamwili ambazo mwili huzitengeneza ili kupambana nao huweza kugeuka zikaushambulia ubongo, hasa sehemu za ndani zinazoratibu mwendo wa viungo. Hayo huweza kutokea miezi kadhaa baada ya koo kupona, ndiyo maana kipimo cha koo hakikuonyesha kitu. Vikombe vilikuponyoka, ulimi haukutulia ulipoutoa nje, na daktari alipokuambia umshike vidole, kiganja chako kilibana na kulegea, kikabana tena na kulegea, mithili ya mtu anayekamua ng'ombe. Ulipolala tu, yote yalitulia.

Kilio cha ghafla, hasira, na kule kunawa mikono mara kwa mara bila kuridhika vilitokana na ugonjwa huohuo. Havikuwa tabia yako, wala hayakuwa majini kama majirani walivyonong'ona, na mwalimu aliyekuchapa kwa sababu ya mwandiko alikuwa anamchapa mgonjwa. Jambo hilo bado linaniuma.

Sindano haikuwekwa kwa ajili ya mikono. Kazi yake ni kuzuia maambukizi mapya ya koo, kwa sababu yakirudi, mitikisiko inaweza kurudi nayo, na, baya zaidi, valvu za moyo, yaani milango inayopitisha damu, zinaweza kuharibika, nazo hazitengemai kama mikono ilivyotengemaa. Kwa hiyo huchomwa kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, kwa kawaida angalau hadi umri wa miaka 21, na zaidi ya hapo ikiwa moyo umeguswa. Najua inauma, maana dawa yenyewe ni nzito. Mwombe muuguzi aipashe joto viganjani kwanza, kisha aisukume polepole.

Nimezungumza na matroni, naye atakusindikiza zahanati siku ya Ijumaa. Usisahau kadi yako, na koo likiwasha hata kidogo, mwambie siku hiyohiyo.

Mama yako