Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mikoko, salamu. Ya kawaida nayapita mbio manake mmeyaona wenyewe: usafi wa ufuo mara 3, wanafunzi walokuja kuona mikoko, mizinga 20 na yenye nyuki 11 tu. Miche tuliotesha 9,400, tukauza 6,000, mingine tumepanda, mingine kaa wamekula.

Sasa hili la baipas, barabara mpya ya Dongo Kundu hapa Mombasa. Kuna watu wanapita majumbani wakisema mwenyekiti kauza mikoko kwa watu wa barabara hiyo. Sikuuza mikoko, niliwauzia miche, na hiyo mikoko ilikuwa ishakatwa. Barabara ilikuwa inakuja tutake tusitake, ni mkopo wa Japani, daraja la Mteza peke yake mita 1,440, na watu wamechoka na foleni ya feri Likoni tangu tukiwa wadogo, sasa chama cha watu 62 kingeizuia na nini? Wengine mlitaka twende kotini, sawa, lakini wakili alitaka pesa mbele na hela za chama mnazijua. Nikaona bora tupande. Tulilipwa 120,000 kwa bei ya 20 kila mche: vibarua 70,000, mashine ya boti na karatasi za miche 30,000, benki iko 20,000. Sijala hata shilingi, kitabu kiko kwa mweka hazina.

Ndiyo, miche mingi imekufa. Lakini nilisema mimi, mkoko wenyewe unataka chini maji yanakofika kila siku, juu kule ni pa mchu na mkandaa, aina nyingine za mikoko. Nilipoenda matangani wiki moja tu, vijana wetu wakapanda mkoko kule juu kwa sababu chini matope yanafika magotini. Halafu analaumiwa nani?

Hata matope yote msiyabandike kwa barabara. Walokuwepo El Niño ya 97 wanakumbuka mto Mwache ulivyoshusha udongo, vile vidole vya mchu vya kupumulia vikazikwa, miti ikakauka imesimama. Juzi maji yalipokupwa nilichomeka fimbo karibu na daraja, ikazama kama urefu wa mkono kabla haijagusa mizizi. Ndo maana napigia kelele wanaolima hadi ukingo wa mto, na baadhi yao ni wanachama, majina nayahifadhi.

Ada ni 100 kwa mwezi, ilitakiwa tupate 74,400, tumepata 17,300. Mkutano wa Oktoba walikuja 19, na wale wenye maneno mengi kwenye WhatsApp sikumuona hata mmoja, chai ya watu 60 tukanywa sisi.

Mwakani tukijaliwa tutajaribu kufuga kaa, na huenda tukapata mfadhili, kuna mtu naongea naye. Kupanda tena ni Jumamosi ya bamvua (maji makubwa) ijayo, saa 2 asubuhi maji yakiwa yanakupwa. Mbegu za mkandaa ziko kwangu, gambuti kila mtu aje na zake.