Wanaambiwa wazae ili wapone: tuwajibu nini?

Daktari, salamu.

Sisi ni wakunga wa kliniki ya wajawazito. Tunaomba ushauri kuhusu wanawake wenye endometriosisi (ugonjwa ambapo tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje yake) wanaofika kwetu wakiwa wameambiwa, "Shika mimba, maumivu yataisha."

Wengi hupata nafuu kweli. Hedhi husimama, projesteroni (homoni ya ujauzito) hupanda, na ile tishu iliyoota nje ya kizazi haivuji tena damu kila mwezi. Ila nafuu hiyo aghalabu huchelewa, na wapo wasioipata kabisa. Miezi ya mwanzo kizazi kinapokua na kupanda kutoka kwenye nyonga, huvuta makovu yaliyoshikanisha ovari, utumbo na kibofu, maumivu huzidi. Mama aliyeahidiwa kupona hudhani mimba inaharibika. Nasi hatuthubutu kumwambia ni kawaida kabla ya ultrasaundi, kwani mimba iliyotunga nje ya kizazi huuma vivyo hivyo, na uwezekano wake kwa wagonjwa hawa uko juu kidogo.

Ibuprofeni waliyoizoea tunawakataza, hasa kuanzia wiki ya 20, maana huweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Tunawapa parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Wapo isiowatosha. Tuongeze nini?

La pili ni uvimbe wa ovari unaotokana na ugonjwa huu. Projesteroni huweza kuubadilisha ukaota vinundu vyenye mishipa mingi ya damu, na picha ikafanana na ya saratani. Tunaogopa mama apasuliwe bure, tunaogopa pia kupitwa na saratani ya kweli. Kipimo kirudiwe baada ya wiki ngapi?

Kwenye dharura hatuna shaka: maumivu makali ya ghafla, kizunguzungu au kuzimia, hasa nusu ya pili ya ujauzito, tunampeleka hospitali papo hapo hata kama ukeni hakuna damu. Kuvuja damu ndani ya tumbo ni nadra, lakini huua.

Kinachotusumbua zaidi ni baada ya kujifungua. Kunyonyesha huchelewesha hedhi. Ikirudi, maumivu mara nyingi hurudi nayo, na mama hujiona amedanganywa. Je, tumwanzishie vidonge vya projestini pekee (homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni) au kitanzi chenye homoni kabla hedhi haijarudi, na wiki ya ngapi? Na huyu aliye mjamzito sasa, bado anaamini amepona: tumweleze lini, na kwa maneno gani?