Kwa Rehema: kuhusu ule mfupa na rangi ya macho

Mpendwa Rehema,

Hujambo? Wa nyumbani hawajambo? Umeuliza kama mfupa uliokaa ardhini miaka mingi unaweza kutaja rangi ya macho na nywele za marehemu. Unaweza, lakini usitamke rangi kabla hujajua una nakala ngapi za vinasaba mkononi.

Kama fuvu lipo, acha paja. Chukua sehemu ngumu inayozunguka sikio la ndani, au jino zima. Kwangua tabaka la juu, saga, kisha loweka unga katika EDTA (kemikali inayoyeyusha madini ya mfupa) ya molari 0.5 pamoja na proteinesi K, enzaimu inayomeng'enya protini, usiku kucha, nyuzi 56, huku ukitikisika. Madini yasipoyeyuka, vinasaba hubaki vimefungwa humo. Udongo mweusi nao huacha asidi ya humiki inayozuia enzaimu ya PCR, yaani mbinu ya kuzidisha nakala za vinasaba. Kipimo kisipotoa chochote, zimua sampuli mara 10 au ongeza BSA, protini inayonasa vizuizi hivyo. Usiseme haraka kwamba mfupa ni mtupu.

HIrisPlex, kipimo cha kutabiri rangi chenye alama (sehemu maalumu za vinasaba) 24 za macho na nywele, husoma vipande vifupi, ndiyo maana hufaulu pale STR ndefu, yaani vipande vinavyojirudia vinavyotumika kumtambua mtu, zinapokatika. Imeonyeshwa kufanya kazi hata kwa pikogramu 63, yaani vinasaba vya seli kama kumi tu. Hapo ndipo pa kuogopa. Alama rs12913832, ndani ya jeni HERC2, ndiyo yenye uzito mkubwa kwenye macho. Kila mtu ana herufi mbili hapo, moja kutoka kwa kila mzazi: mwenye A na G mara nyingi macho yake si ya bluu, mwenye GG mara nyingi ni ya bluu. Nakala zikiwa chache, A inaweza kukosa kuzidishwa. Programu ya kutabiri rangi itaona GG na kukupa bluu kwa asilimia za kupendeza, maana haijui kilichopotea. Kinyume chake pia hutokea: herufi C iliyooza hugeuka urasili (herufi isiyo ya kawaida katika DNA) na kusomwa T, hivyo kwenye uzi wa pili G huonekana A, na bluu inageuka kahawia. Enzaimu ya UDG huondoa urasili, ila hukupunguzia nakala. Rudia mara tatu, kwa unga tofauti, na kila aleli, yaani kila herufi kati ya hizo mbili, ionekane zaidi ya mara moja.

Nywele ni ngumu zaidi. Mifupa ya Richard III, mfalme wa Uingereza aliyeuawa 1485, mwaka 2014 ilitoa macho ya bluu kwa asilimia 96 na nywele za rangi ya dhahabu kwa 77. Lakini nywele za namna hiyo mara nyingi ni za utotoni, kisha huwa nyeusi zaidi ukubwani.

Na kwa huku kwetu, Rehema, kumbuka ualbino. Chanzo chake cha kawaida ni pengo la herufi 2,700 hivi katika jeni OCA2, nalo halimo katika alama 24 za HIrisPlex, wala katika zile 41 za HIrisPlex-S, toleo linalotabiri pia rangi ya ngozi. Marehemu mwenye ualbino ataandikwa ngozi nyeusi, na ndugu zake watapita bila kumtambua. Weka praima (vipande vifupi vinavyoanzisha PCR) pande mbili za pengo, karibu karibu, zitoe kipande kifupi pale tu pengo lilipo.

Nitumie grafu za marudio yote matatu kabla hujaandika ripoti.

Rafiki yako,
Salma