Mapango ya Amboni hayahimili wanafunzi 90 kwa mkupuo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na walimu wakuu, kamati za shule na wote wanaopanga safari za wanafunzi kwenda Mapango ya Amboni, Tanga. Likizo ya Juni ikikaribia mabasi huanza kupishana barabara ya Horohoro, na kosa ni lile lile: shule inashusha watoto 80 au 90 na kutaka waingie wote pamoja, kwa sababu basi limekodiwa kwa siku moja na ratiba bado ina mjini na ufukweni. Watoto hawaoni kitu, wengine wanaumia, na pango linapata majeraha yasiyopona.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Ndani kuna vyumba vyenye dari la hadi mita 13, lakini kutoka chumba hadi chumba unapita penye upana wa mtu mmoja, kwingine unainama, kwingine unatambaa. Watoto 60 wakijipanga, kila mmoja hatua moja nyuma ya mwenzake, ni mkia wa zaidi ya mita 40 gizani. Mwongozaji yuko mbele anaeleza. Wa katikati anasikia mwangwi tu. Wa mwisho hasikii chochote na ameshaanza kuchungulia upenyo wa pembeni. Anayeingia upenyo huo akigeuka mara mbili hajui tena alikotoka, maana mawe yale yale ukiyatazama kwa upande wa pili yana sura nyingine kabisa.

Kundi lisizidi watoto 15. Mwongozaji atangulie, mtu mzima mmoja awe wa mwisho kabisa na asimpite mtoto hata mmoja, mwingine akae katikati. Wahesabiwe mlangoni, wahesabiwe kila baada ya njia nyembamba, wahesabiwe tena nje. Shule yenye watoto 90 ina makundi 6, na kila kundi likipewa saa moja ndani, hiyo ni kazi ya siku nzima hata wakiwepo waongozaji wawili wanaopishana. Kama siku hiyo haipo, walete madarasa mawili mwaka huu na mengine mwaka ujao. Wanaosubiri wasiachwe kukaa tu: wapewe ramani ya mto Mkulumuzi, unaopita kando ya mapango, waichore, au wapimishwe mawe kwa jaribio tutakalolieleza hapa chini.

Taa ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Tochi ya simu inakula mkono mmoja, na ndani ya pango mikono yote miwili ina kazi. Mtoto akiteleza anachagua kati ya simu na kichwa chake, na mara nyingi huchagua simu. Tochi ya kuvaa kichwani ndiyo yenyewe. Zikiwa chache, moja kwa kila watoto wawili, mwenye taa nyuma ya asiye nayo ili mwanga uanguke mbele ya miguu ya wote wawili. Anayeongoza awe na vyanzo vitatu vya mwanga visivyotegemeana, na betri mpya. Mishumaa, vibatari na mienge vibaki nje. Moshi wake hauna pa kutokea, unatua juu ya mawe kama masizi ya jikoni, na hakuna mvua ya kuyaosha humo.

Viatu: raba zenye meno. Viatu vya shule vyenye soli laini huteleza kwenye udongo wa pango, ndala huchomoka. Wasichana waruhusiwe suruali ya michezo, na mtandio ufungwe usining'inie, kwa kuwa hunasa kwenye ncha za mawe wakati wa kuinama. Mabegi yote yabaki kwenye basi. Ajali za kawaida hutokea pale mtu anapotoka chumba chenye mwanga wa jua la juu na kuingia giza ghafla: dari linashuka, macho hayajazoea, paji la uso linagonga. Kundi lisimame pale nusu dakika, macho yazoee, ndipo liendelee.

Kabla ya kuingia, mwalimu aulize kwa upole, tena si mbele ya darasa zima, nani ana pumu, nani ana kifafa, nani anaogopa mahali pa kubana. Mwenye pumu aingie na dawa yake ya kuvuta mfukoni, au asiingie, kwa sababu vumbi na harufu kali ya mkojo wa popo humbana kifua haraka. Mtoto akigoma njiani asisukumwe wala asichekwe. Atolewe na mtu mzima, wengine waendelee. Kumlazimisha mtoto mwenye hofu apite penye kubana ndiko kunakoleta msongamano, anakwama kwa kutetemeka na waliomo nyuma yake wanaanza kulia.

Sasa mawe yenyewe, maana haya ndiyo yaliyowaleta. Mwamba wa Amboni ni wa chokaa uliotokana na magamba na mabaki ya viumbe vya baharini, umri wake wakadiriwa miaka milioni 150. Ni zama zile zile za mijusi mikubwa ya Tendaguru, Lindi. Lakini watoto wasiambiwe kwamba pango lina miaka milioni 150. Mwamba ndio wenye umri huo. Uwazi uliomo ndani yake ni mdogo kwa umri, kwani ulichimbwa na maji baada ya mwamba kuinuka kutoka baharini. Maji ya mvua huchukua hewa ya ukaa angani na zaidi kwenye udongo, yanakuwa tindikali hafifu, yanapenya nyufa na kuyeyusha chokaa kidogo kidogo.

Jaribio lake lifanyike shuleni kabla ya safari, na wanaosubiri zamu nje wanaweza kulirudia. Chukua kipande cha jiwe la matumbawe, yale ya kujengea nyumba za pwani, kikaushe, kidondoshee siki. Kitatoa mapovu: hiyo ni hewa ya ukaa inatoka na chokaa inayeyuka. Kisha dondoshea siki kwenye kokoto isiyo ya chokaa, haitafanya chochote. Mtoto aliyeona mapovu hayo ataelewa pango zima kwa dakika tano. Jiwe la jaribio lisitolewe pangoni, tafadhali.

Wakiwa ndani, wasimamishwe mbele ya ncha moja inayodondosha maji, taa moja tu imulikwe kwa pembeni, wote wanyamaze. Tone linakusanyika kwenye ncha, linavimba, linatetemeka, linabaki likining'inia. Wakati linaning'inia, hewa ya ukaa inaponyoka kutoka kwenye maji kuingia kwenye hewa ya pango, na chokaa isiyoweza tena kubebwa inaganda kuzunguka ukingo wa tone, pete nyembamba isiyoonekana kwa macho. Tone likianguka pete inabaki. Pete juu ya pete, ndiyo maana ncha changa huwa na tundu katikati mithili ya mrija. Kinachobaki ndani ya tone huganda chini linapogonga, na nguzo huanza kuinuka kutoka sakafuni. Wahesabu sekunde kati ya tone na tone, waandike. Masika yakiwa yametoka kuisha matone huwa ya karibu karibu. Kiangazi kirefu ncha nyingine hukauka kabisa.

Ukuaji huo kwa kawaida ni sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka. Tukichukua moja ya kumi ya milimita, kipande cha sentimita 7 alichovunja mtoto ili kuonyesha nyumbani kilichukua miaka 700. Na kuvunja si lazima. Mafuta ya ngozi ya mkono yanatosha: maji hayashiki tena pale palipopakwa, yanateleza pembeni, chokaa haigandi, na kila anayepita anaongeza. Sehemu zinazoshikwashikwa hung'aa na kuwa nyeusi. Wanapohitaji mhimili, mwongozaji awaonyeshe mwamba mtupu wa kushika, na mawe yenye matone yaachwe. Wapo walioandika majina yao ukutani kwa mkaa na kwa misumari. Walimu wasipige picha mbele ya majina hayo, maana mtoto akiona yanapigwa picha atatafuta msumari wake.

Sakafu nayo ina heshima yake. Katika pango la Panga ya Saidi huko Kilifi, Kenya, pango la chokaa la ukanda huu huu wa pwani, wataalamu walitangaza mwaka 2021 kaburi la mtoto wa karibu miaka 3 aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Mifupa yake ilikuwa laini kiasi kwamba ilibidi udongo wote ubebwe kwa plasta. Mtu anayechimbua udongo wa pango kwa kidole cha mguu hajui anachochezea. Wapite njia iliyokanyagwa, basi.

Kuhusu hadithi, tuzisimulie, lakini na vipimo tuvitaje. Kila mgeni wa Amboni huambiwa juu ya mbwa aliyeingia humu akatokea mbali, Mombasa kwa wengine, Kilimanjaro kwa wengine. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walipima mapango haya, na refu kuliko yote lilikuwa na mita 900 hivi. Mwalimu mzuri atawapa watoto hadithi na kipimo kwa pamoja, kisha awaulize wangeichunguzaje habari ya mbwa. Ipo pia historia isiyohitaji chumvi: Osale Otango na Paulo Hamisi, waliosakwa na polisi wa mkoloni miaka ya 1950, walijificha humu. Eneo lilimilikiwa na kampuni ya Amboni tangu 1922, likatangazwa kuhifadhiwa mwaka 1937, na mwaka 1963 likakabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale.

Penye mzimu, watu bado wanakuja kuomba. Vitambaa, sarafu na chupa za marashi vilivyowekwa pale vina wenyewe, visiguswe wala kuchezewa, na anayeomba asipigwe picha. Watoto wa dini zote wanaweza kufundishwa kusimama kimya mbele ya ibada ya mwingine bila kushiriki.

Popo tumewaacha kwa makusudi hadi hapa, maana jambo lao linahitaji utulivu. Aina nyingi za popo hula wadudu wengi mno kila usiku na hawana ugomvi na mtu. Ukipiga kelele au kuwamulika kundini wanaruka wote, na majike wenye watoto huwaangusha. Kwa upande wetu hatari ni kinyesi na mkojo wao. Kinyesi kilichokauka huweza kuwa na ukungu unaoshambulia mapafu, na ukikitimua unauvuta. Vilevile popo wa matunda wa mapangoni hubeba virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoweza kuua. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kutembelea Pango la Chatu katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Kabla ya hapo kulikuwa na vifo vilivyohusishwa na Pango la Kitum, Mlima Elgon, mwaka 1980 na 1987. Kagera tuliuona ugonjwa huo mwaka 2023. Haya hatuyataji ili shule zifute safari, kwani kinga yake ni nyepesi na haigharimu kitu: barakoa, mikono mirefu, kutosimama chini ya popo wala kutazama juu kinywa wazi, kutokula chochote ndani, na kunawa kwa sabuni kabla ya kugusa chapati au soda. Jioni waoge na nguo zifuliwe. Mtoto akipata homa ndani ya wiki 3, mzazi amwambie daktari wazi kwamba mtoto alikuwa pangoni. Daktari asiyejua hilo atapima malaria, atatoa dawa, na siku za maana zitapotea. Barua ya ruhusa kwa wazazi iwe na sentensi hiyo.

Mvua nayo haina mzaha. Mapango yako kandokando ya Mkulumuzi, na mto huo hujaa kwa mvua za upande wa Muheza hata kama Tanga mjini kunawaka jua. Machi hadi Mei, ulizeni hali ya mto asubuhi ile ile kabla ya basi kuondoka. Kwa wanaokuja kwa daladala, mapango yako kilomita 8 hivi kutoka mjini. Mnashukia njia panda na kutembea karibu kilomita 2.5 za vumbi hadi Kiomoni, kwa hiyo maji ya kunywa ya kutosha yabebwe, na safari ianze mapema kabla ya jua kupanda.

Kwa wanaosimamia eneo tuna maombi matatu: idadi ya juu ya kundi iandikwe getini na isimamiwe, ziwepo tochi za kichwani za kukodi kwa bei ya mwanafunzi, na pawepo ndoo ya maji yenye koki na sabuni pale wageni wanapotokea. Nanyi walimu, pigeni simu wiki moja kabla, mtaje idadi na umri wa watoto, ili mkifika muwakute waongozaji wa kutosha na kila kundi lijue saa yake ya kuingia.

Waongoza wageni,
Tanga.