Tusitangaze mahali okidi adimu zinapoota

Mhariri,

Naandika kuhusu habari mliyochapisha juu ya maua adimu ya porini nchini Uingereza. Kutaja mahali hasa yanapoota ni kuyahatarisha. Mfano ni okidi, ua liitwalo kwa Kiingereza lady's slipper: okidi hiyo yenye kifuko cha manjano mfano wa kiatu, na petali za rangi ya damu ya mzee, iling'olewa na wakusanyaji hadi ikadhaniwa imetoweka. Mwaka 1930 ukapatikana mmea mmoja tu Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ukalindwa kwa siri miaka mingi.

Sheria ya Uingereza ya 1981 ya kulinda wanyama na mimea ya porini inakataza kuichuma, lakini porini hakuna askari. Anayekuta mmea asioutambua apige picha ua, jani na shina bila kuung'oa, kisha ampelekee mtaalamu anayetunza kumbukumbu za mimea ya kaunti hiyo. Nanyi gazetini tajeni kaunti tu.

Msomaji wenu,
Leeds